Pikapu Ambayo Shofere Alikataa Kuniuzia

Mtu akimwuliza Shofere anunue pikapu ya dizeli au ya petroli, siku hiyo hakupata jibu. Alipata swali.

"Unavuta nini?"

Mtu akisema anavuta trela, Shofere alitikisa kichwa. "Trela najua. Juu ya trela kuko nini?" Akisema magari ya mnada, aliulizwa ni mangapi kwa juma. Akisema mawili, aliulizwa anayatoa wapi, anayapeleka wapi, njiani kuna vilima gani, na ile siku asiyovuta kitu pikapu itakuwa inafanya kazi gani. Wengi walichoka katikati wakaenda kumwuliza mtu mwingine, kisha wakanunua ile waliyoitaka tangu mwanzo, ambayo mara nyingi ilikuwa ile iliyong'aa zaidi.

Mimi sikuchoka, kwa sababu nilikuwa na haja.

Nilimjua kwa miaka mitano hivi, Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa wa Beechmont, katika majengo mawili yanayotazamana, lake na letu, na uwanja wa kuegesha magari katikati. Wakongo wa kanisani ndio waliomwita Shofere, maana kwao dereva huitwa hivyo, na huko Kivu alikuwa ameendesha malori sehemu kubwa ya maisha yake. Sisi Warundi tukalichukua jina kama lilivyo. Siku za kazi alifunga maboksi ghalani, na kule ghalani hakuna aliyejua kwamba mzee yule mfupi mwenye kofia ya sufu anaweza kuendesha hata toroli. Jumamosi ndipo alipokuwa Shofere. Alitoka na pikapu yake ya dizeli, ya zamani, rangi ya zambarau iliyokolea, nyuma yake trela ya ekseli mbili, akawaletea watu magari waliyonunua mnadani, au akahamisha familia zilizoamua kufuata ndugu zao Columbus au Buffalo.

Aliipenda dizeli kwa namna ambayo mkewe aliizoea lakini hakuisamehe. "Miye nikigonjwa, hasikii," Mama yule alituambia siku moja akimenya ndizi. "Filta yake ikigonjwa, anaisikia akiwa ndani ya maombi." Shofere hakukana. Aliweza kukaa jikoni kwake, dirisha limefungwa, akakwambia gari lililopita nje ni la mafuta gani na kama mwenye nalo amechelewa kubadilisha oili. Dizeli aliiita mazutu na petroli aliiita esansi, na hapakuwa na mahubiri yake ambayo hayakufika huko.

"Esansi iko ya kukimbia," alisema. "Inapanda ngazi mbio mikono mitupu. Umupatie gunia ya unga, anaanza kuhema. Mazutu haikimbii. Lakini umuwekee gunia mabegani, hata hageuki kukuangalia."

Kwa hiyo yeyote aliyemjua angeapa kwamba Shofere atamwambia kila mtu anunue dizeli. Nilidhani hivyo pia.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha vijana. Kila aliposimama, hata kwa dakika mbili, hata mahali palipo tambarare kama meza, mtu alipaswa kushuka na kabari ya mbao na kuitia nyuma ya gurudumu kabla yeye hajazima injini. Kwenye malori ya Kivu kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Hapa ilikuwa kazi ya yeyote aliyekaa kando yake. Nimeshuka na kabari mbele ya benki, mbele ya duka la vitambaa, mbele ya kliniki. Siku moja nilimwambia, "Mzee, hapa hakuna mteremko." Akanijibu, "Uko na hakika? Umepima?" Nikashuka.

Alichukia kuharakishwa. Mikanda ya kufungia mzigo aliifunga, akaendesha maili moja, akasimama, akaikaza upya, kwa sababu alisema mzigo hukaa vizuri baada ya kutikiswa. Mteja akilalamika kwamba muda unakwenda, Shofere alimpa mkanda aushike. Lakini mtu huyohuyo aliyekagua kila mkanda mara mbili hakuwahi kufika kanisani kabla ya mahubiri kuanza, na risiti za kazi na karatasi za bima alizitia chini ya kiti pamoja na maganda ya karanga.

Sasa niseme haja yangu. Wazazi wetu walifariki kambini Tanzania, mama kwanza, baba mwaka uliofuata. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, na tulipofika Amerika nilikuwa mtu mzima kwenye karatasi, nao walikuwa watoto. Nilipata kazi ghalani, zamu ya pili. Nilitoka wakiwa shuleni na kurudi wakiwa wamelala. Tuliishi kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. "Wali uko kwenye sufuria." "Mwalimu anataka saini yako." "Nimeota meno yanauma, kweli yanauma." Hicho cha mwisho kiliandikwa na mdogo wangu wa kike, na nilikisoma jino likiwa tayari limevimba.

Siku ile niliamua kwamba nitapata kazi ya mchana, yangu mwenyewe, ambayo nitaikatiza saa ya watoto kutoka shule. Nilimwona Shofere kupitia dirishani akifunga trela. Nikashuka nikamwambia nataka kujifunza kuvuta.

Hakucheka. Aliuliza, "Unavuta nini?"

"Bado sijui."

"Bon. Hapo tutaanzia."

Alinifundisha kurudisha trela kinyumenyume kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, watu wote wakiwa bado wapo. Nilimsihi tuje siku nyingine. Alisema siku nyingine hakuna watu, na barabarani watu wapo. Basi nikawa pale, kwenye gauni la Jumapili, nimeshika usukani wa pikapu yake, na trela inakwenda kila upande isipokuwa ule niliotaka, huku kwaya nzima imesimama pembeni na sahani za chakula.

"Dada, unakata kushoto au unaaga?" mmoja wa waimbaji aliuliza.

"Mwache," mwingine akasema. "Anatafuta njia ya kurudi Kigoma."

Shofere alisimama kando ya dirisha langu, mikono nyuma. "Usiangalie watu. Shika usukani huku chini. Unataka trela iende wapi? Kulia? Bon, mukono wako uende kulia. Polepole. Usimusukume, mwongoze tu."

Jumapili ya nne niliiingiza trela katikati ya gari la mchungaji na gari la mwimbishaji, nafasi ya kufungua mlango ikabaki kila upande. Mwimbishaji, aliyekuwa ameweka sahani chini tayari kukimbilia gari lake, akaiokota sahani. Shofere alisema tu, "Weka kabari."

Nikaanza kusafiri naye miisho ya juma. Mdogo wangu wa kiume alibaki na dada yake, na mke wa Shofere aliwapelekea chakula.

Columbus tulikwenda mara nyingi, kwa sababu Waafrika wengi wa kule walipenda kununua magari ya mnada Kentucky. Mteja mmoja alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa uhandisi aliyepanga chumba karibu na chuo kikuu, mtaa wenye nyumba za matofali na makochi mabovu barazani. Alitungoja na kompyuta mkononi. Kabla hatujashusha gari lake alikuwa ameshaanza.

"Mzee, nimekupigia hesabu. Hii dizeli yako inakuumiza. Bei ya kununua iko juu. Serevisi iko juu. Oili unaweka karibu mara mbili. Mafuta unaokoa kidogo, sawa, lakini mpaka irudishe ile gharama ya kwanza uwe umevuta miaka na miaka. Kwa mzigo kama huu, gari moja, petroli inatosha kabisa."

"Hesabu yako imepanda mulima gani?" Shofere akauliza.

"Hesabu haipandi mlima, Mzee."

"Donc, haijui kitu."

"Inajua namba."

"Kijana, ulishavuta nini wewe?"

"Mkopo wa shule," Mkenya akajibu, na hata Shofere alicheka. Wakabishana nusu saa, mzee akitetea dizeli kama mtu anayemtetea kaka yake mbele ya polisi. Alisema juu ya nguvu inayotoka chini bila kelele, injini zinazozeeka na wenyewe, na vilima vya Kivu ambako petroli ingelia machozi. Mkenya akafunga kompyuta yake kwa heshima akasema ameshindwa.

Tulipotoka kwenye mtaa ule, Shofere alisimama kwenye taa ya pili. Kisha akasema, "Ule kijana anasema kweli."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Ana mitihani. Akijua ameshinda hatasoma tena leo."

Columbus ndiko alikoishi mwanawe, mtoto wake pekee aliyefika Amerika, mtu wa miaka thelathini na zaidi, anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kiwandani. Kila safari tulisimama kwake kupeleka kitu kutoka kwa mama yake: unga wa muhogo, samaki wakavu. Mwana alikuja mlangoni, akapokea, akasema asante baba, safari njema. Shofere hakuingia. Alizunguka trela akikaza mikanda iliyokwisha kukazwa. Nilidhani ni haraka ya safari, mpaka nilipokumbuka kwamba hakuwa mtu wa haraka.

Buffalo ndiko nilikomwona ameshindwa. Ilikuwa Januari, tulikuwa tumehamisha familia ya Wakongo: makochi na magodoro kwenye pikapu, gari lao juu ya trela. Shofere hakuamini vituo vya mafuta vya mbele. Kivu, dereva aliyeamini kituo cha mbele alilala porini. Kwa hiyo siku zote alisafiri na madumu manne ya njano yaliyojaa dizeli, na alipofika nusu ya njia alimimina yake mwenyewe, huku tukitazamana na kituo kikubwa chenye taa na kahawa. Madumu yale alikuwa ameyajaza Oktoba, Louisville ikiwa bado na joto.

Asubuhi, Jumapili, baridi ya ziwa ikiwa imeingia hadi kwenye vitasa vya milango, pikapu ikakataa kuwaka. Habari ikafika kanisani kabla yetu. Wakaja Wakongo na Warundi kama ishirini, makoti juu ya nguo za ibada, wakaanza kusukuma. Walisukuma pikapu ile hadi mwisho wa mtaa, wakaigeuza, wakairudisha, wakiimba, na mashemasi wawili wakaanguka kwenye theluji. Haikukohoa hata kidogo.

Jirani mmoja, Mmarekani mzee, alitoka na koti juu ya nguo za kulalia. Aliuliza swali moja: mafuta haya mlinunua wapi na lini? Nilipomtafsiria Shofere, alifumba macho. Mafuta ya siku za joto hayana dawa ya baridi, yalikuwa yameganda kwenye filta kama mawese kwenye chupa. Jirani akatuletea filta mpya na chupa ya dawa kutoka dukani, tukapasha tangi kwa kipasha joto chake, na kufika adhuhuri injini ikawaka na moshi mweupe.

Tukiwa njiani nilimwuliza, "Mzee, pikapu yako ni otomatiki. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa."

"Najua."

"Ulijua wakati wanasukuma?"

"Walikuya na viatu ya kanisa, mama. Ningewaambia warudi?"

Maili nyingi baadaye, karibu na Cleveland, alisimama kwenye kituo kikubwa, akayashusha madumu manne, akayaacha matupu kando ya pipa la taka. Nikatia kabari.

Mwaka uliofuata macho yake yakaanza kufifia, ikajulikana kwamba atauza pikapu. Mtaa mzima ulijua nani atainunua. Nilikuwa nimejifunza juu yake, nilijua inavyokohoa asubuhi na inavyonyamaza ikipata mzigo. Nilikuwa nimejinyima miaka mitatu. Jumamosi moja ya masika nilivuka uwanja nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wa pikapu, akila karanga.

"Mzee, nimekuja kununua."

"Hapana," akasema. "Wewe siwezi kukuuzia."

Nilidhani anatania. Akaendelea kumenya.

"Kwa sababu mimi ni mwanamke?"

"Mwanamke alirudisha trela pembeni ya gari ya pasta. Hiyo haiko neno."

"Kwa sababu ni Mrundi?"

"Pesa ya Murundi iko na harufu ingine?"

"Basi kwa nini? Umenifundisha mwenyewe. Umesema mwenyewe mazutu ndiyo ya kuvuta."

Aliweka karanga chini. "Unavuta nini?" akaniuliza.

"Unajua ninachovuta."

"Sema."

Nikasema. Gari moja moja kutoka mnadani. Makochi ya watu wanaohama kutoka Shively, maili chache tu, kuja Beechmont, kutoka Beechmont kwenda Shively. Columbus mara moja kwa mwezi. Buffalo, labda.

"Sikiliza," akasema. "Hii injini ukiizungusha Beechmont, Shively, Beechmont, Shively, haipati moto wake. Inakufa vibaya. Inataka njia ya mbali, na muzigo, kila juma. Na ikiharibika, fundi hakufungulii mulango kwa bei ndogo. Donc, utasema, bon, niende Buffalo mara moja ili ijilipe. Halafu mara mbili. Halafu utachoka. Utasema, huyu kijana wangu akuye anipokee usukani, masomo atarudia mwaka kesho."

"Siwezi kumtoa shule. Mimi? Siwezi."

"Haiko wewe utamutoa. Ni gari."

"Mzee, hunijui bado."

"Niulize mutoto wangu alikuwa darasa gani mwaka wowote," akasema. "Mwaka wowote, chagua. Sijui hata moja. Nilikuwa naendesha." Akaokota karanga zake akaingia ndani.

Niliondoka na hasira. Nilisema moyoni, nani amemfanya baba yangu? Baba ninaye, yuko kaburini, na kazi yake nimeifanya mimi tangu darasa la sita bila kuuliza mtu. Jioni ile nikiwa bado na hasira, nilikaa mezani nikaandika majibu ya maswali yake yote nyuma ya karatasi ya ghalani: safari za mwezi, umbali, mizigo, siku za kukaa bure. Nilitaka kumpelekea nimwonyeshe kwamba dizeli ile inafaa. Nilipomaliza nikaona haikufaa. Sikukubali. Nikaongeza safari za Buffalo, mbili kwa mwezi, kisha nne, na hapo ikafaa.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mwalimu wake wa hesabu alikuwa amenipigia simu mara mbili kusema ana kichwa cha chuo kikuu.

Aliniambia kwa Kiingereza kwamba nne ni nyingi kwa dereva mmoja. Kisha akabadilisha lugha, kama afanyavyo anapotaka nimsikie. "Dada, ninaweza kusimamisha shule mwaka mmoja tu. Nikapata leseni, tukapokezana. Mwaka mmoja si kitu."

Aliyasema kwa upole, kama zawadi. Ndiyo maneno niliyoyasema mimi nilipofunga daftari langu kule kambini. Mwaka mmoja si kitu.

Niliichana karatasi ile vipande vinne. Nilimwambia, "Kalale. Kesho una shule." Na kesho yake nikaanza kutafuta pikapu ya petroli.

Niliipata Shively, kwa mtu aliyeitumia kuvutia boti majira ya joto tu. Niliikagua kama Shofere: nililala chini nikatazama kutu, nikachomoa kijiti cha oili ya giaboksi nikainusa, nikaomba kuijaribu na trela iliyobebeshwa gari, redio imezimwa. Mwenyewe aliniuliza kama mume wangu atakuja kuiona. Nilimwambia mwenye kuiona ndiye mimi. Nikainunua.

Nilipoiegesha uwanjani sikutazama dirisha la Shofere, nikijua yupo. Hakutoka. Jumamosi ya kwanza ya kazi, nikiwa ninafunga trela, alivuka uwanja na kisanduku chake cha vifaa, hakunisalimu, akafungua mlango wa dereva akajilaza chini ya usukani. Alikuwa anafunga kile kidude cha kuendeshea breki za trela ambacho nilikuwa sijakinunua. Alikitoa kwenye pikapu yake. Alifanya kazi saa nzima kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuona. Alipoinuka akasema, "Inahema?"

"Bado sijaipandisha mlima."

"Itahema," akasema. "Uiache ihema. Usiipigie kelele."

Na ilihema. Kile kilima cha kuingia Kentucky ukitoka Cincinnati, na gari moja tu juu ya trela, injini ilipanda hadi sauti ya mashine ya kusaga, na pikapu za dizeli zikanipita wenyewe wakiwa wameegemeza kiwiko dirishani. Siku nyingine niliona aibu. Mafuta yalikwenda upesi nikivuta mbali. Nilikataa kazi za Buffalo zenye faida nzuri na nikazisikia zikienda kwa ndugu wawili Wakongo walionunua pikapu ya Shofere, na kila mara niliumia kidogo. Lakini ghala nilikuwa nimeliacha, na saa tisa alasiri pikapu yangu ilikuwa mbele ya jengo letu. Nilijua jina la kila mwalimu. Vikaratasi kwenye friji viliisha, tukabaki na sumaku tupu.

Shofere na mkewe walihamia Columbus kwa mwanao, kwa sababu mzee hakuweza tena kuendesha na ghala lilikuwa limempunguza. Nilimwona tena mwisho wa kiangazi, siku niliyompeleka mdogo wangu chuo kikuu kulekule Columbus. Tulipita kwao kwanza.

Alikuwa ameketi kwenye kochi mbele ya televisheni iliyozimwa, wajukuu wawili wakimpita na kumjibu Kiingereza. Alikuwa amepungua. Alimpapasa mdogo wangu usoni, mabega, akauliza atasoma nini.

"Hesabu, Mzee."

"Ile isiyopanda mulima," akasema, akainuka. "Twende nione gari."

Alitaka boneti lifunguliwe na injini iwashwe. Akainama juu yake, kichwa upande, muda mrefu. Mwanawe alikuwa ametoka kazini, akasimama kwenye njia ya nyumba na sanduku la chakula mkononi, akitutazama.

"Unaitunza," Shofere akaniambia. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa naye. Kisha akasema, bila kugeuka, kwa mtu ambaye alikuwa amezisikia hatua zake, "Tunapeleka kijana masomo. Iko godoro ya kupandisha ngazi. Unakuya?"

Mwana alitazama saa. Alitazama viatu vyake vya kazi. Niliona ana la kusema, la miaka mingi, na kwamba hapakuwa mahali pake pale mbele ya wageni. Akaweka sanduku la chakula kwenye ngazi za baraza akapanda kiti cha nyuma kando ya mdogo wangu.

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba zenye kona. Mdogo wangu alitangulia na funguo. Shofere akashika godoro upande wa mbele, akipanda kinyumenyume, mwanawe upande wa nyuma. Nilitaka kumzuia kwa ajili ya macho yake, nikaacha.

"Ngoja," nilisikia mwana akisema kwenye kona ya kwanza. "Ngoja, baba. Hapo kuna ngazi moja fupi. Leta mguu. Hapo."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Pumzika kwanza."

Wakapumzika, na godoro likaziba njia yote. Nikasikia wanazungumza huko juu kwa sauti ndogo, mmoja, kisha mwingine, bila haraka. Mdogo wangu akaniita kutoka dirisha la juu, akauliza mbona sipandi. Nilimwonyesha kwa ishara anyamaze. Nikasimama pale chini, sanduku la vitabu vyake mikononi, zito kuliko nilivyodhani, nikingoja ngazi iwe wazi.